Marehemu Amekataa Kusaini

Marehemu alikataa kusaini, na lawama nikabebeshwa mimi.

Ilikuwa asubuhi, king'ora cha joto kimeshalia mara ya kwanza kuwafukuza watu barabarani, na muswada wetu ulikuwa umevalishwa kila nguo ambayo jarida lilitaka. Ikisiri ilikuwa imekatwakatwa mpaka ikabaki mifupa. Marejeo yalikuwa yamesimama mstari kama wanafunzi wa paredi. Dada Koku, ambaye shahada yake ya uzamivu ilikuwa inangoja makala hii moja tu ikubaliwe, alikuwa hajaonja hata chai. Jarida lilikuwa limeshaturudishia muswada kwa kosa la upana wa pambizo, nikamwambia hata posa za kwao Bukoba hazina masharti ya namna hiyo. Hakucheka. Nikajua hali ni mbaya, maana Koku hucheka hata kwenye mkutano wa bajeti.

Kilichobaki kilikuwa mlango. Wenyewe wanauita mlango, lakini ni skrini ndefu iliyosimama ukutani kama mtu aliyekuja kudai. Kila mwandishi husimama mbele yake na kusema, "Nimesoma muswada huu wote na ninaukubali." Ikishahakikisha kwamba ni yeye kweli, taa juu ya jina lake inakuwa kijani. Taa zote zikiwa kijani, muswada unakwenda kwa mhariri.

Profesa Mwaisaka, mkuu wetu, alirekebisha tai, akasema. Kijani. Koku akasema kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji. Kijani.

Ikabaki taa ya Dk. Milembe Shija, ambaye tulimzika kwao Nzega kabla ya masika.

Skrini ikatulia, halafu akatokea. Miwani juu ya paji la uso, koti la maabara lenye mfuko uliochanika. Koti hilo nalijua, nimelivaa.

"Mzaramo yupo?" kikauliza kivuli chake.

"Nipo, mbeba mizigo wangu," nikajibu.

"Bado hawajakufukuza? Taasisi hii inapenda hasara."

"Nani anifukuze? Wewe umekufa na bado unaripoti kazini. Wanyamwezi mlizoea sana kutumwa."

"Dokta," Profesa akakatiza, "tafadhali. Umesoma muswada?"

"Nimesoma."

"Unaukubali?"

"Siukubali. Jedwali la pili. Washiriki watatu wa majaribio mmewaandika kwamba walijitoa. Hii namba mmeitoa wapi?"

Taa ikawa nyekundu. Koku akainamisha kichwa. Profesa hakuitazama skrini hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Kijana," akasema, "njoo ofisini."

*

Nieleze kwanza kwa nini fundi wa majokofu anaitwa ofisini kwa sababu ya jedwali.

Zamani, wakubwa walikuwa wanabandika majina ya marehemu kwenye makala ambazo marehemu wenyewe hawakuziona hata kwa ndoto. Jina kubwa linafungua milango, na maiti habishi. Ndipo ikaja sheria: hakuna kumwandika marehemu mpaka kivuli chake kikubali. Kivuli kinatengenezwa kwa barua zake, rekodi zake, vikao vyake na hesabu zake. Lakini vivuli vya mwanzo vilikuwa na adabu iliyopitiliza. Ukikiuliza lolote kinasema ndiyo, kama mgeni anayeogopa kukataa ubwabwa. Maneno ya mtu yalikuwemo, mtu mwenyewe hakuwemo.

Sasa, mimi ni Mzaramo na Dk. Milembe alikuwa Mnyamwezi, na kila anayezijua mila anajua maana yake. Akiwa hai tulitukanana kila siku kwenye korido ya majokofu. Alipokufa nikafanya wajibu wa mtani. Nilivaa koti lake msibani, nikapandisha miwani yake kwenye paji la uso, nikashika mwiko wa pilau kama fimbo ya kufundishia, nikawa natembea kati ya waombolezaji nikiuliza kila sahani, "Hii nyama umeitoa wapi?" Mama yake mzazi alicheka mpaka machozi yakabadilika maana. Makaburini nikaingia kaburini, nikalala chali, nikasema simwachii mtu shimo hili mpaka nikombolewe. Ndugu zake wakanikomboa kwa jogoo, nikatoka, tukamzika.

Profesa alikuwepo. Alichokiona si msiba, alichokiona ni kazi. Wiki iliyofuata nikakalishwa mbele ya kamera za Taasisi, nikaigiza: Milembe akikasirika, Milembe akisikiliza uongo, Milembe akisema hapana. Mashine ikachukua maneno kwake na namna ya kuyasema kwangu. Sikufundishwa lolote kuhusu majaribio yao. Nililipwa, nikaandikwa cheo kipya, Mfunzaji wa Kivuli, na majokofu nikaendelea kutengeneza kama kawaida, maana cheo hakipozi nyama.

Ofisini Profesa alifunga mlango.

"Ulizidisha," akasema.

"Nini, mzee?"

"Umemfanya mkaidi. Milembe niliyemfahamu mimi alikuwa analalamika, halafu anasaini. Makala zote tulizoandika naye alilalamika, na zote alisaini. Muulize Koku." Akakaa. "Huyo uliyemweka kwenye mashine ni Milembe wa msibani. Katuni. Ndiyo au hapana, kijana: ulizidisha?"

Utani bila kuzidisha ni nini? Ni taarifa ya habari.

"Nilizidisha kidogo," nikasema.

"Ahsante. Kesho mhariri wa zamu atakuwa mlangoni. Sheria inasema mfunzaji akikiri kwamba alizidisha, kivuli kinafutwa, na mimi kama mkuu nasaini kwa niaba yake. Utasema hicho hicho ulichoniambia. Sikuombi uongo."

Hapo ndipo hasira iliponipanda, polepole kama maji ya moto kwenye bomba. Mtu akitaka useme uongo, unajua pa kumtukana. Huyu alikuwa ananiomba ukweli.

"Hao watatu," nikauliza, "walijitoa kweli?"

Profesa akavua miwani, akaifuta. Nitamtendea haki: hakuonekana kama shetani, alionekana kama mtu aliyechoka.

"Kondo, joto linaua watu mashamba ya chumvi kila kiangazi. Unawaona wanavyobebwa. Dawa yetu, Mpoza, inafunga mlango wa joto kwenye neva, mtu anafanya kazi mchana mzima bila kuzirai, jioni mlango unafunguka. Kwa karibu wote unafunguka. Tukiandika habari ya hao watatu, jarida litatukalisha miaka. Miaka hiyo wangapi watakufa? Piga hesabu wewe."

"Mimi nilipata D ya hesabu, mzee."

"Basi niachie mimi."

*

Koku nilimkuta kwenye ngazi, ameshika chupa ya maji bila kunywa.

"Ni kweli alikuwa anasaini kila mara?" nikamuuliza.

"Kila mara," akasema. "Analia chooni, anarudi, anasaini. Mkataba wake ulikuwa unafanywa upya kila mwaka na unajua nani alikuwa anaufanya."

"Na hao watatu?"

Akazungusha kifuniko cha chupa. "Usiniulize mimi, Kondo. Bi Tatu Mwinjuma anakaa nyuma ya ghala la chumvi. Nenda ukamuulize yeye."

"Twende wote."

"Mimi siwezi kwenda," akasema. "Nikienda nitakuwa nimemwona."

Nikaenda peke yangu, king'ora cha pili kilipolia, wakati barabara zinafunguliwa tena. Mashamba ya chumvi yalikuwa meupe mpaka yanauma macho. Bi Tatu alikuwa kibarazani, mwanamke mnene wa makamo, khanga mbili, mikono amefungwa vitambaa mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Kisarawe."

"Aa, wa kwetu. Basi kaa, chai ipo, na kama huna njaa utaitafuta humu humu."

Akainuka, akaenda jikoni, akarudi ameshika sufuria. Hakuwa na kishikio. Ilikuwa inatokota, naapa, inaruka mapovu, na yeye ameibeba kwa vidole vilivyotoka kwenye kitambaa, anatabasamu, ananiuliza habari za Kisarawe. Nilipiga kelele nikamnyang'anya, nikaungua mimi, ikamwagika yote.

Yeye akainua vidole karibu na uso, akavinusa.

"Eh," akasema. "Kweli. Siku hizi najua nimeungua kwa pua."

Nikabaki napuliza vidole vyangu. Mimi, ambaye msibani sinyamazi.

"Wenzangu walikuwa wawili," akaendelea, anakusanya vipande vya sukari guru vilivyolowa. "Yusufu nyayo zimekwisha, yuko kwa dada yake. Yule kijana mwingine, Salumu, aliingia kwenye bwawa la kuchemshia saa sita, akasema hasikii joto, hasikii kitu, anajiona mzima kuliko sisi. Alianguka huku anacheka."

"Kule Taasisi wanasema mlijitoa."

Alinitazama kama nimemtukania mama yake.

"Nijitoe? Siku ya kliniki nilikwenda. Nikaambiwa jina langu halipo. Nikarudi tena, halipo. Nilimwambia yule binti mpole wa kwenye kompyuta, mama nipo hapa mbele yako, unaniona. Akasema ananiona ila kompyuta hainioni." Akacheka kicheko kikavu. "Wewe unafanya kazi huko?"

"Natengeneza majokofu."

"Basi ukirudi waambie mimi nipo. Sitaki maneno mengi. Waambie tu nipo."

*

Chumba cha vivuli kiko ghorofa ya chini, baridi, kazi yangu mwenyewe. Kesho yake nilifika kabla ya wengine, nikawasha skrini.

"Umekuja kunifuta?" akauliza Dk. Milembe.

"Nimekuja kukuuliza kitu. Na usinitanie."

"Mzaramo anakataa utani. Kiama kimekaribia."

"Nimekuzidisha, Milembe? Sema kweli. Yule wa hai angesaini?"

Akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso mpaka machoni. Hicho mimi sikumfundisha. Msibani miwani ilikaa juu muda wote kwa sababu nilipoishusha sikuona mbele. Hicho kilikuwa chake.

"Pengine angesaini," akasema. "Alikuwa na kodi ya nyumba, na mtoto shuleni, na mkuu wake alikuwa na kalamu. Aliiandika hapana mara nyingi kwenye rasimu kisha akaifuta. Yote yamo humu ndani yangu, hapana na kufuta kwake."

"Kwa hiyo ni mimi niliyekupa hiyo hapana."

"Wewe umenipa sauti ya kuisemea. Na mauti yamenipa nafasi. Mimi sasa naogopa nini, Mzaramo? Wataninyima likizo?"

Nikaangalia mlangoni kama kuna anayekuja.

"Wewe ndiye uliye hai," akasema. "Kuogopa ni kazi yenu."

*

Mhariri wa zamu alikuwa Bi Nasimiyu, akitokea kwenye skrini kutoka Nairobi, uso mkavu, kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Profesa alisimama kulia kwa mlango, Koku kushoto, amevaa zile ndara za maabara za plastiki ambazo wote tunavaa. Mimi katikati.

"Bwana Kondo Pazi," mhariri akasema, "wewe ndiwe ulifunza kivuli cha Daktari Shija. Swali ni moja. Ulimfunza kama alivyokuwa?"

"Nilizidisha," nikasema.

Profesa akashusha pumzi.

"Nilizidisha mwendo, alikuwa hatembei kama bata kiasi kile. Nilizidisha kikohozi. Nilizidisha ubishi pia, Bi Nasimiyu, kwa sababu ndivyo tunavyowaaga watani zetu, tunawaaga wakiwa wakubwa kuliko walivyokuwa. Mwenyewe ameniambia kwamba akiwa hai huenda angesaini."

"Basi rekodi imekamilika," Profesa akasema. "Kivuli—"

"Sijamaliza, mzee." Nikamgeukia. "Angesaini kwa sababu alikuwa anakuogopa. Mkimfuta huyu mtapata Milembe mwenye hofu, yule mliyemzoea, na watu wenye hofu mnao tayari wa kutosha humu ndani. Mimi namba zenu sizijui. Ninachojua ni kwamba jana mwanamke amenishikia sufuria inayotokota kwa vidole vitupu huku ananiuliza habari za nyumbani. Mmemwandika kajitoa. Anasema yupo."

"Hili haliko kwenye swali," Profesa akasema.

"Basi na mimi sitaki swali."

Nikafanya nilichojua. Nikalala. Chali, sakafuni, mbele ya mlango wa jarida, mikono kifuani, kisogo kwenye vigae vya baridi nilivyovipoza mwenyewe.

Bi Nasimiyu aliinama kwenye kamera yake. "Kwani huyu anafanya nini?"

"Ni mila," Profesa akajibu huku amebana meno. Mila alizijua, alikuwepo msibani. Akanisogelea, na kwa kweli nilimwona anajaribu kutabasamu. Akavua saa yake mkononi, saa nzuri, akaishusha juu ya kifua changu. "Haya, mtani. Nimekukomboa. Inuka."

Hilo ndilo kosa lake. Jogoo hatoki kwa yeyote, jogoo hutoka kwa wenye maiti. Na yeye hakuwa mfiwa.

"Chukua saa yako, mzee," nikasema nikitazama dari. "Wewe siyo mwenye msiba."

Nikasikia jokofu la chumba cha pili likianza kunguruma vibaya, nikajiambia kesho nitalitazama kama kesho bado nina kazi.

Halafu nikasikia plastiki ikiburuzwa kwenye vigae.

"Bi Nasimiyu," sauti ya Koku, ndogo. "Naomba kuondoa kukubali kwangu."

"Sema tena, kwa jina."

"Mimi, Kokushubira Rweyendela. Nimesoma muswada huu wote na siukubali. Hilo neno kwenye jedwali la pili niliandika mimi. Niliambiwa niliandike, lakini mkono ulikuwa wangu. Yule mama alisimama mbele yangu, nikamwambia kompyuta haimwoni."

Sikuona taa, nilikuwa natazama dari. Lakini dari lilibadilika rangi, kijani kikatoka, wekundu ukaingia.

"Koku," Profesa akasema, taratibu, "shahada yako."

"Najua, Prof."

"Na hao watakaokufa kiangazi hiki bila dawa?"

"Hao pia najua. Wewe umekuwa unaniambia kila siku." Sauti ikavunjika, ikajiunga tena. "Lakini hata hao, tukiwachoma sindano halafu mlango usifunguke, tutawaambia kompyuta haiwaoni?"

Nilisikia saa ikiokotwa kutoka kifuani kwangu, nyayo, mlango halisi wa mbao ukifungwa bila kubamizwa.

Bi Nasimiyu alikunywa chai yake. "Muswada umerudishwa kwa waandishi," akasema. "Dirisha linafunguliwa tena mwakani. Poleni." Na akazimika, nadhani alikuwa na wengine wa kurudishia pambizo.

Mwakani. Koku aliketi chini ukutani, magoti kifuani. Nilitamani kumwambia kitu cha kumchekesha na sikupata, na hasira yangu yote, ambayo tangu jana ilikuwa na pa kwenda, ikabaki imesimama katikati ya chumba haina kiti.

"Kondo," akasema, "mwaka mzima usinitanie."

"Wewe Mhaya, mimi si mtani wako hata."

"Na bado unanitania." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Alisema nini hasa, yule mama?"

"Alisema yupo."

Kwenye skrini, Dk. Milembe alikuwa bado anatutazama, miwani machoni. Jedwali la pili lilikuwa wazi kando yake, na kwenye mstari wa wale watatu neno lilikuwa limefutwa, pamebaki peupe.

"Haya," kivuli kikasema. "Mtaandika nini hapo? Na namba mtaitoa wapi?"

"Hatujui bado, Dokta," Koku akajibu. "Sijawaona."

"Basi. Mzaramo, toka kaburini, unaziba njia."

Nikageuza kichwa kwenye vigae. Koku alikuwa amevua zile ndara za plastiki na alikuwa anavuta kutoka chini ya meza viatu vyake vya kutokea, kimoja kilikuwa na kamba iliyojifunga fundo, anaifungua kwa meno kwa hasira, kama kamba ndiyo iliyomkosea.

"Bado kidogo," nikasema. "Mwenye kunikomboa ndiyo kwanza anavaa viatu."